Alama za Juni

Mwalimu Laurencia alikuwa na flashi ndogo nyekundu aliyoivaa shingoni, na ukitaka mgombane naye, ungemwomba akuazime. Hakuiazimisha kwa mtu. Mkuu wa shule mwenyewe, Mwalimu Eustace, aliwahi kuitaka aweke picha za mahafali akajibiwa, "Mkuu, hii haichanganywi na mapicha." Humo, alisema, mna alama zote za wanafunzi. Kila Ijumaa saa tisa, kabla hajafunga ofisi ya taaluma, aliichomeka kwenye kompyuta, akalivuta faili la alama pale kwenye kioo, akaliangusha ndani ya flashi, akaichomoa, akaivaa. Ijumaa thelathini na kitu! Nani mwingine Nachingwea nzima alikuwa makini namna hiyo? Hakuna, alijijibu mwenyewe, na tusimlaumu. Mtu anayefanya kazi yake vizuri ana ruhusa ya kuringa kidogo.

Basi Jumatatu asubuhi umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta ikalia mara moja, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, kioo kikawa cheusi. Laurencia akainama chini ya meza kutafuta stabilaiza, kile kiboksi cha kutuliza umeme. Hakikuwepo. Kilikuwa nyumbani kwa mkuu, kimechomekwa kwenye televisheni tangu wiki ya mechi, na shule nzima ilijua, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Yeye naye hakuufungua. Alishika flashi yake kifuani akasema, "Kompyuta ni chuma tu. Alama ninazo."

Na alama ndizo zilizokuwa zinasubiriwa. Kidato cha nne walikuwa wanafunzi arobaini na watatu, na alama zao za mihula mitatu zilitakiwa ziingie kwenye mfumo wa mtihani wa taifa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni: Juni na Novemba za kidato cha tatu, na Juni ya mwaka huu. Zinajumlishwa na za mtihani wa mwisho. Asiyekuwa nazo anaingia kwenye chumba cha mtihani ameshapungukiwa. Saa kumi ikipita, mfumo unafungwa, basi.

Utauliza, na karatasi je? Karatasi ziliivisha makande. Mwezi wa kwanza, kompyuta ilipoletwa, mkuu alitangaza kwamba shule inaachana na karatasi, akaamuru madaftari ya alama yapelekwe jikoni, na tangu siku hiyo kila karatasi iliyokwisha kuchapwa ilifuata njia hiyohiyo. "Tunaingia zama mpya," alisema, na walimu wakapiga makofi. Laurencia alipiga kuliko wote.

Jumanne aliifunga kompyuta kwa kitenge, akapanda gari la Ruangwa, akaipeleka kwa fundi Davis, kijana aliyekaa kwenye kibanda cha simu na redio, amevaa jezi, mdomo haufungi.

"Madam, hii imeenda na maji," Davis alisema baada ya kuifungua. "Diski imepigwa shoti. Kuna jamaa Dar wanajaribujaribu, ila ni wiki tatu, nne, na hawakuahidi kitu."

"Haina neno. Nataka tu unichapie kilichomo humu." Akaivua flashi shingoni kwa madaha, akampa.

Davis akaichomeka kwenye kompyuta yake. Akatazama. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Madam, humu mna kitu kimoja."

"Ndiyo, faili la alama. Lifungue."

"Halipo."

"Halipo vipi wakati nakiona kipicha chake kile pale!"

"Hicho kipicha ndicho ulichokuwa unabeba." Davis akakuna kichwa, akatafuta namna ya kumwambia mtu mzima asiyetaka kuambiwa. "Faili lenyewe lilikaa ndani ya diski. Kile kipicha cha kwenye kioo ni njia ya mkato, ukikibonyeza kinakupeleka lilipo. Sasa wewe kila siku umekopi kibao cha barabarani kinachosema shule iko kule. Shule yenyewe hujaikopi hata mara moja."

"Kila Ijumaa," Laurencia akasema.

"Kila Ijumaa umebeba kibao, madam. Pole."

Alicheka. Ndiyo, alicheka, hadi muuza vocha wa jirani akachungulia. Halafu akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa. Davis alimnunulia soda na hakumtoza hata shilingi, na hilo ndilo lililomliza.

Jumatano hakukalika. Aliingia ofisini akatoka, akaenda bwaloni akasahau alichofuata, akamfokea mpishi kwa kosa la miezi minane nyuma. Saa nne mkuu akamwita.

"Pika," alisema Mwalimu Eustace.

"Nipike nini?"

"Alama, mwalimu. Mpishi wetu anapika ugali wa watu mia nne, wewe unashindwa kupika alama za watoto arobaini na watatu? Kaa chini, jaza. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, mkuu."

"Basi uwe na siri yako moja maishani. Au unataka tuandike barua wilayani kwamba madaftari tuliwashia moto?"

Alitoka nje roho juu juu, akapita mbele ya darasa la kidato cha nne, akasikia mabishano. Rukaiya, binti mwenye sauti kali kuliko kengele, alikuwa anamkumbusha Shadya kwamba Novemba alimzidi kwa alama mbili za Hisabati. "Thelathini na nne, wewe thelathini na mbili, na ulilia, tulikuona!"

Laurencia akasimama palepale. Walikumbuka!

Lazima wangekumbuka. Shuleni hapo siku ya kufunga muhula matokeo husomwa mstarini, wa kwanza mpaka wa mwisho, na tangu Laurencia awe mwalimu wa taaluma hayakusomwa kwa jina na nafasi tu. Yeye alisoma kila somo, saa mbili juani, na wale wa mkiani aliwaongezea na neno. "Aibu inafundisha," alizoea kusema. Walimu wengine walinong'ona kwamba anazidisha, yeye akaona wana wivu.

Alhamisi asubuhi akawatoa wote arobaini na watatu uwanjani. "Jipangeni kama Novemba ilivyosomwa. Wa kwanza hapa, wa mwisho kule. Mtu asimwonee mwenzake."

Jamani, fujo iliyotokea! Wa kwanza alikuwa Kassian, hakuna aliyebisha. Kuanzia wa pili wakasukumana, wakaapizana, wakaitana waongo na mashahidi. Lakini kidogo kidogo mstari ukanyooka, kwa sababu mtu akitaka kujipandisha nafasi moja, yule wa mbele yake na wa nyuma yake walimrudisha kwa kelele. Laurencia akapita na daftari. Kila mmoja alitaja alama zake, na majirani wakamsahihisha. Tomasi alijaribu kujitilia hamsini ya Kemia, wenzake wakamzomea hadi akakiri ishirini na mbili. Novemba ikarudi yote, na Juni ya kidato cha tatu ikarudi vilevile. Laurencia akahisi damu inatembea tena mwilini.

Kule mwisho alisimama Lucia Lubasha. Hakuna aliyemwambia aende. Wengine walipokuwa bado wanagombana yeye alishafika na kutulia. Baba yake ni mmoja wa wale wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa.

"Novemba," Laurencia alisema bila kumtazama.

"Nafasi ya arobaini na tatu kati ya arobaini na watatu," Lucia akasema kwa sauti ya mstarini. "Hisabati nane. Baiolojia kumi na tisa. Kiswahili thelathini." Akazitaja zote tisa bila kukwama. "Halafu ulisema, mwalimu, 'Lucia anatushikia mlango wa nyuma.' Wakacheka."

Wengine wakacheka tena, kwa mazoea. Laurencia aliandika namba, na ile sentensi hakuiandika, lakini aliisikia asubuhi nzima.

Ilibaki Juni ya mwaka huu, na hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Juni haikusomwa. Siku ya kufunga shule iliangukia siku ya kuupokea Mwenge wa Uhuru, wanafunzi wote wakapangwa barabarani tangu alfajiri, na mstari wa matokeo ukafa. Ripoti nazo zilichapwa za wazazi kumi na wawili tu waliofika ofisini jioni yake, wino ukaisha. "Wengine mtachukua tukifungua," waliambiwa. Wakafungua, wino haukununuliwa.

Tangu Jumatano alikuwa ametuma ujumbe kila kijiji. Mpaka Alhamisi mchana ripoti sita zilirudi, moja imemwagikiwa uji, nyingine nusu yake imechanwa ya kuandikia namba ya simu. Thelathini na saba waliobaki hawakuwa na kitu. Akakaa na daftari lake, akachukua alama za Novemba za kila mmoja, akaongeza mbili hapa, akapunguza moja pale, akazihamishia Juni. Hiyo siyo kupika, alijiambia. Ni kukadiria. Haya, tumwachie akadirie, lakini aliandika kwa penseli, na mtu haandiki kwa penseli bure.

Lucia akaja akasimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Juni nilikuwa wa tisa."

Laurencia hakuinua kichwa. "Wa tisa."

"Ndiyo. Baiolojia sabini na nane. Januari nilipata nafasi bwenini, nikaacha kutembea ule mwendo wote, nikawa nasoma."

Alijaribu kukumbuka, kwa kweli alijaribu. Siku zile alikuwa na homa, alichapa alama mia tatu themanini na saba kwa siku mbili, na kichwani hakukuwa na hata moja. Alipomfikiria Lucia alimwona mwisho wa mstari.

"Ripoti iko wapi?"

"Anayo baba. Yuko na ng'ombe Chunyu."

Asubuhi ileile wanne walikwishasema ripoti zao ziko kwa shangazi Masasi, na Tomasi aliapa kwamba Juni alikuwa wa pili. Laurencia alikuwa amechoka kudanganywa. "Lucia, leo kila mtu ni wa tisa. Kama baba anayo, ailete."

"Simu yake haishiki kule. Nitampelekea ujumbe kwa jirani."

"Mpelekee," akasema, kwa ile sauti ya kumfukuza kuku barazani. Lucia alifuta macho kwa kiganja, akaondoka. Laurencia akaandika Baiolojia: ishirini na nne. Tano za kumwongezea alizihesabu kuwa ni huruma.

Ijumaa mkuu alikuja na kompyuta ya mapajani ya shemeji yake. Mtandao ulikwenda ukarudi, ukagoma saa saba, ukaamka saa nane. Laurencia aliingiza alama mgongo unawaka moto, na mkuu akizunguka nyuma yake anauliza tumefika wapi, tumefika wapi, hadi akataka kumtupia kiti. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili akabonyeza mara ya mwisho, na mfumo ukajibu kwamba umepokea.

"Umetuokoa, mwalimu!" Mkuu akaagiza soda. Laurencia akashika chupa asinywe. Alisimama, akakaa, akaenda dirishani. Mbona moyo haushuki? Kazi imekwisha, alama zimepokelewa, mbona moyo haushuki?

Saa kumi na robo mzee mmoja akaingia getini akisukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limelala. Amejifunga shuka begani, miguu myekundu kwa vumbi hadi magotini. Lucia alitoka bwenini anakimbia, akampigia goti, akaipokea baiskeli, wakaja wote ofisini.

"Mwalimu, habari za saa hizi," alisema Mzee Lubasha. "Ujumbe niliupata jana jioni. Nimetoka alfajiri. Imetoboka mara mbili, nimesukuma."

"Karibu mzee wangu. Pole na safari."

Alikaa, akatoa ndani ya shuka mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaufungua polepole, akaanza kupanga mezani. Kibali cha kuhamisha mifugo. Kibali kingine. Stakabadhi za chanjo, zimenyooka utadhani zimetoka kwa karani leo. Halafu ripoti za Lucia, kuanzia kidato cha kwanza, muhula kwa muhula, hakuna iliyopungua.

"Mimi sisomi," alisema. "Lakini tangu tumetoka kule Ziwani, kila kizuizi mtu ananiuliza, karatasi iko wapi? Jirani yangu alikosa karatasi moja, ng'ombe wake kumi na moja wakabaki njiani. Kwa hiyo kitu chochote cha serikali mimi natunza. Siku ile mliyoita wazazi nilikuja. Mkanipa hii."

Akaisogeza ya juu. Juni. Nafasi ya tisa kati ya arobaini na watatu. Baiolojia sabini na nane. Na chini, kwenye nafasi ya maoni, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko ambao Laurencia angeutambua hata gizani kwa sababu ulikuwa wake: *Hongera sana Lucia. Umenishangaza. Usirudi nyuma.*

Hapo ndipo alipokumbuka. Aliyaandika maneno yale jioni ile, homa imempanda, wino umeisha, na alikusudia kabisa kuyasema mbele ya shule nzima wakifungua. Akafunga ofisi, akasahau. Neno la kumcheka alilisoma juani, na la kumsifu likalala kwenye mfuko wa mchunga ng'ombe. Aibu iliyompanda hajapata kuijua tangu azaliwe.

"Mzee," mkuu akaingilia kwa haraka, "umefanya vizuri sana. Tuachie hiyo karatasi, tutaishughulikia."

Mzee Lubasha akaweka kiganja juu ya karatasi. "Mwanangu ameniambia za kwenu zimepotea zote."

Mkuu akamtupia Laurencia jicho.

"Siwatukani," akaendelea. "Njiani kote mwenye ofisi ndiye anayeniuliza karatasi. Leo nimekuta mwenye ofisi hana. Kwa hiyo, mwalimu, nikikupa hii, niandikie kwamba umeipokea. Uandike na alama za mtoto mlizotuma ni zipi. Uweke sahihi na mhuri."

"Mwalimu Laurencia," mkuu akanong'ona, "usiandike chochote. Ukiandika hilo, umetuandikia kufukuzwa kazi mimi na wewe. Mfumo umeshafungwa, mtoto mmoja tu huyu, funga mdomo!"

"Siyo mmoja, mkuu. Ni thelathini na saba." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Akavuta karatasi, akaandika. Leo hakuandika kwa penseli. Akatia sahihi, akagonga mhuri, akampa mzee.

Mzee Lubasha aliigeuza huku na huku, akampa binti yake. "Isome. Kwa sauti, nisikie."

Lucia alisimama katikati ya ofisi. Akamtazama mwalimu wake, akatazama karatasi, akasoma kwa sauti ileile ya mstarini. "Mimi Laurencia, mwalimu wa taaluma, nimepokea leo ripoti halisi ya Lucia Lubasha, Juni, nafasi ya tisa. Alama za Juni nilizotuma leo, zake na za wenzake thelathini na sita, si za kweli. Nilizibuni. Yeye aliniambia ukweli, nikakataa kumwamini. Jumatatu nitaipeleka nakala ya barua hii wilayani mwenyewe."

Laurencia alijikuta amesimama, mikono imenyooka mapajani, macho mbele, kama wanavyosimama wanafunzi siku ya matokeo. Hakuna aliyecheka. Mkuu alikuwa ameshatoka nje na simu yake.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" mzee akauliza.

"Ndivyo, baba."

Mzee Lubasha akaikunja mara mbili, akaiweka kati ya vibali vya ng'ombe, akaufunga mfuko kwa mpira. Halafu akaisogeza ripoti ya Juni mbele ya Laurencia, akamwomba amwonyeshe panapopatikana pampu ya baiskeli.